Maswali Yenu: Nyatiti Isiyosikika, Negativu Zinazonuka Siki

SWALI: Natengeneza filamu fupi ya hali halisi kuhusu mzee mmoja anayepiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Nilimrekodi kwa simu, lakini kila anapogonga kwa mguu maneno yanazama. Nilipomwomba aurudie wimbo nichukue vidole kwa karibu, picha na sauti hazikulingana kabisa. Nimekosea wapi?
— Msomaji, Kisumu

JIBU: Kosa la kwanza ni la simu. Simu nyingi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe. Pete ya chuma ya kidole cha mguu, oduong'o, ikigonga ubao, simu inaona kelele imezidi na kushusha kila kitu, maneno yakiwemo. Kabla sauti haijapanda tena, pigo jingine limeshafika. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuizima tabia hiyo, au azima kinasa sauti.

Halafu kumbuka kwamba mtu huyo mmoja anatoa sauti nne: nyuzi nane, oduong'o, njuga za mguuni ziitwazo gara, na koo lake. Maikrofoni moja iliyolazwa mbele yake iko karibu na mguu kuliko mdomo. Tumia mbili, kila moja na njia yake ya kurekodi. Ya kwanza ibane kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mahali ambapo shanga na kola haziwezi kuigusa. Ya pili iweke kwenye stendi fupi, sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye ngozi ya ala, ikiitazama ngozi kutoka juu kidogo na kuupa mguu kisogo. Oduong'o itaingia tu, na iingie, maana ndiyo inayoshika mdundo. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, vilele vya sauti visipite desibeli 12 chini ya sifuri. Unapojaribu, mwombe apige sehemu yake kali zaidi. Wapigaji wengi hujaribu kwa upole, wakishachangamka kila kitu kinapasuka.

Kuhusu kurudia: mpiga nyatiti hakariri. Anamtaja aliyeketi mbele yake, anarefusha panapomnogea, anakatisha. Ukimwambia arudie umepata wimbo mwingine. Dawa ni kamera mbili kwa wakati mmoja, moja pana isiyozimwa mwanzo hadi mwisho, nyingine kwenye vidole. Kamera zote zikishawaka, piga kofi moja mbele yazo; mlio huo ndio utakaozilinganisha wakati wa kuhariri. Ukiwa na kamera moja tu, chukua wimbo mzima kwa upana, kisha vidole baadaye, na hivyo vidole uviweke chini ya maneno ya mahojiano. Usivipachike juu ya kuimba: anayejua kupiga atakugundua papo hapo.

Usisahau pakruok, pale msikilizaji anaposimamisha muziki ili ajisifu au amsifu rafiki. Wahariri wageni huikata wakidhani ni usumbufu. Hiyo ni sehemu ya onyesho, nayo inahitaji maikrofoni ya tatu inayowatazama wasikilizaji. Kamera nayo ishuke. Mpigaji hukaa kwenye kigoda, hivyo lenzi iwe kama sentimita 60 kutoka chini, la sivyo utarudi nyumbani na picha za kofia. Rekodi asubuhi, kabla mvua ya alasiri haijaanza kupiga mabati.

SWALI: Marehemu babu alikuwa na studio ya picha hapa mjini. Tumekuta sanduku la negativu, picha ndogo na daftari. Baadhi ya negativu zinanuka siki. Nataka kuzitumia kwenye filamu kuhusu kazi yake. Nianzie wapi, na je, picha ni mali yetu?
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Anza na hizo zinazonuka, leo. Harufu hiyo ni asidi inayotoka kwenye filamu ya asetati, aina ya plastiki, ikioza, na asidi yenyewe huharakisha kuoza, kisha huambukiza negativu za jirani. Joto na unyevu huchochea. Zitenge, zitoe kwenye mifuko ya plastiki na mikebe iliyofungwa, kila moja iingie bahasha ya karatasi, sanduku likae penye ubaridi na ukavu, mbali na dari la mabati. Usizioshe. Zinazoanza kujikunja au kufanya mikunjo kama ngozi ya kidole kilichokaa majini ziskaniwe kwanza; zikishasinyaa hazirudi.

Kuhusu ukubwa wa skani, piga hesabu ukianzia kwenye filamu yako. Video ya 4K ina pikseli 3840 kwa upana. Negativu ya milimita 35 ikiskaniwa kwa dpi (nukta kwa inchi) 3200 inatoa kama pikseli 4500, nafasi ya kutosha kusogea kidogo ndani ya picha. Picha ya karatasi ya sentimita 9 kwa 13 kwa dpi 600 inatoa kama 3070 tu, haifiki, ipeleke 1200. Hifadhi kwa TIFF, nakala za JPEG ziwe za kuhariria tu. Picha iliyogandia kioo cha fremu usiibandue, iskani pamoja na kioo. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, ukingoni. Wino wa kalamu hupenya.

Sasa daftari. Kwa maoni yetu hilo lina thamani sawa na sanduku zima, maana negativu isiyo na jina ni sura tu. Piga picha kila ukurasa kabla hujafanya lolote jingine, na faili za skani zibebe namba zilezile za babu. Usibuni zako. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, aliporekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet mwaka 1950, aliweka kumbukumbu za mahali na wahusika. Ndiyo maana zaidi ya miaka 60 baadaye nakala ziliweza kurudishwa kwa wenyewe.

Umiliki una pande mbili. Negativu ni zenu kama mlivyorithi viti vya studio. Hakimiliki ni jambo jingine: Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kwamba kazi iliyoagizwa, haki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa palikuwa na makubaliano tofauti. Mteja aliyelipia picha ya harusi ni mwagizaji. Muda wa ulinzi wa picha ni miaka 50, ukihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipofikishwa kwa umma au ilipochapishwa, wowote uliochelewa zaidi. Kwa hiyo picha ya 1965 ambayo haijawahi kutoka sandukuni usidhani ni huru kwa sababu tu ni kuukuu. Watafuteni waliomo kwa kutumia daftari. Picha za mitaani alizopiga babu bila kuagizwa na mtu ni jambo jepesi zaidi.

SWALI: Narekodi wachongaji wa mawe huko Tabaka. Ndani ya karakana video inaonyesha mistari inayotembea. Pia vumbi linanimaliza.
— Msomaji, Kisii

JIBU: Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa humetameta mara 100 kwa sekunde. Simu yako bila shaka inapiga fremu 30 kwa sekunde. Weka fremu 25 na kasi ya shata sekunde 1/50, mistari itatoweka. Vumbi la jiwe lipulize kwa pampu ya mpira, usilifute kavu, na lenzi badilishia nje. Hatua ya msasa hufanywa ndani ya maji, vumbi halipo, basi sogea karibu hapo. Jiwe jeupe huungua kwenye picha, punguza mwanga. Na fuata jiwe moja kuanzia patasi hadi nta: ukichanganya vinyago vitatu, mtazamaji atahisi amedanganywa hata kama hajui kwa nini.

SWALI: Wazee wanataka malipo kabla sijarekodi ngoma ya isukuti kwenye mazishi. Je, ni haki? Na nahitaji vibali gani?
— Msomaji, Kakamega

JIBU: Ni haki. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni inataka jamii iridhie kwanza, ikijua utafanya nini na rekodi. Wachezaji nao wana haki zao binafsi kama watumbuizaji. Lipa kila mmoja, mpigaji wa ngoma ndogo asipate senti za mwisho, na kila mtu atie sahihi. Asiyesoma aelezwe kwa lugha yake huku kamera ikirekodi ridhaa yake. Fomu itaje filamu, mahali itakapoonyeshwa, kama ni mtandaoni pia, na nani atapewa nakala.

Leseni ya kurekodi hutolewa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB. Ya droni hutolewa na KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Ukiingia eneo la Makavazi ya Kitaifa, hapo pana ruhusa yake.

Kuhusu mazishi, wazee wakikubali hawajakubali kwa niaba ya mjane. Mwulize mwenyewe, siku moja kabla. Akikataa, ngoma tatu, pembe ya swala na manjuga utavipata kwenye sherehe nyingine.