Kabla hujaandika sura ya kwanza ya kitabu cha Majimaji, rudi kwenye majalada

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una picha 900 za majalada ya Kijerumani (mafaili ya zamani ya serikali yao) ulizopiga kwa simu, umezihamishia kwenye kompyuta kwa WhatsApp, na marejeo utayapanga mwishoni. Hapana! Hiyo "mwishoni" niliambiwa na mhariri mmoja, nikamwamini, na kitabu kikapoteza sura nzima. Mpaka leo nakasirika, kwa sababu yeye alijua na mimi sikujua.

WhatsApp ikituma picha kama picha, inaibana na kuipa jina jipya, na kumbukumbu ya saa uliyopiga haibaki. Mwandiko wa zamani wa Kijerumani ni mgumu kusoma hata kwenye karatasi yenyewe. Ukishabanwa, herufi zinageuka ukungu. Tena huwezi kujua ukurasa huu ulitoka jalada lipi. Barua ya mkuu wa boma (ofisi ya utawala wa Kijerumani) isiyo na namba ya jalada ni kama mtoto aliyeokotwa sokoni: kila mtu anamwonea huruma, hakuna anayejua kwao. Msomaji wa mchapishaji, yule anayepitia mswada, ataizungushia kalamu nyekundu, nawe utaikata.

Ukiletewa jalada, piga kwanza picha ya gamba lake, namba ionekane. Kisha kila ukurasa na kijikaratasi pembeni chenye namba ya jalada na ya folio, yaani ya karatasi hiyo ndani ya jalada (omba ruhusa ya msimamizi wa chumba, usiguse waraka kwa wino). Ukimaliza, piga gamba tena. Hapo utajua jalada linapoishia. Hamisha kwa waya, kila jalada na folda yake. Jioni hiyo hiyo andika daftarini: nani kaandika, kwa nani, tarehe, folio. Usilale kabla.

Majina ya mahali nayo yanapotosha, kwa sababu Wajerumani waliyaandika ya kwao. Bismarckburg ni Kasanga, Wiedhafen ni Manda, Sphinxhafen ni Liuli. Andika yote mawili tangu siku ya kwanza.

Gazetini "chanzo chetu kimesema" inapita. Kwenye kitabu haipiti, hasa kwenye idadi. Waliokufa Majimaji, makadirio ya Wajerumani yalikuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wakafika 250,000 hadi 300,000. Ukiandika moja bila kusema ni ya nani na imehesabu nini, yaani waliouawa vitani tu au na waliokufa kwa njaa mashamba na maghala yalipochomwa, umempotosha msomaji.

Wazee utakaowahoji Kilwa na Songea hawakuiona vita ya 1905, wameisikia. Kwa hiyo rekodi ianze na jina, kijiji, tarehe, na swali hili: "Babu, wewe ulisimuliwa na nani, naye alikuwa wapi?" Halafu linganisha na simulizi zilizokusanywa 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati baadhi ya walionusurika vita hiyo walikuwa bado hai.

Mchapishaji na malipo tutaongea baadaye. Kwa sasa chambua zile 900, chagua zile tu unazokusudia kunukuu, labda 60 au 70, peleka orodha yake kwa msimamizi wa nyaraka, uombe majalada upya, uzipige tena kwa utaratibu huu. Na kama simu ile bado unayo, usifute kitu: picha za asili zitakuwa humo, zimepangwa kwa saa.