Taa ya eabegi haizimi: nifunge kontroli boksi ya mtumba?

SWALI: Nina Toyota Premio ya 2008. Tangu iingie maji msimu wa mvua, taa nyekundu ya eabegi haizimi. Fundi anasema kontroli boksi, yaani kompyuta ya kufyatua eabegi, imekufa. Kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani nimepata ya mtumba, imetoka kwenye Premio iliyogongwa mbele hadi eabegi zikafumuka. Niichukue? – Msomaji, Kigogo, Dar es Salaam

JIBU: Usitoe hela bado, ndugu yangu. Muulize fundi wako mashine ya kupimia imesoma kodi gani, yaani namba ya hitilafu. Kama hajapima, anapiga ramli tu. Kwa Toyota, B1000 ndiyo inayoitaja boksi yenyewe. Ikija B1800 au B1801, shida iko kwenye saketi ya eabegi ya dereva, na mara nyingi mchawi ni ile kebo ya kuzunguka iliyo nyuma ya usukani. Bonyeza honi, maana waya wake hupita kwenye kebo hiyohiyo: nayo ikiwa kimya, mchawi karibu umempata.

Chungulia pia chini ya viti vya mbele, kwenye soketi za njano za nyaya za eabegi. Niliwahi kuchomoa moja kwenye gari lililolowa nikakuta pini zimeota ukungu wa kijani. Mwenye gari alikuwa ameshanunua boksi.

Hata hivyo maji yanatia shaka kweli, maana boksi imefungwa sakafuni katikati, chini ya konsoli ya gia. Kodi ikithibitisha, ibadilishe, ila hiyo ya Gerezani achana nayo. Eabegi zikishafumuka, boksi huiandika ajali kwenye kumbukumbu yake na taa haizimi tena. Wapo wanaofuta kumbukumbu hiyo kwa kompyuta. Mimi sifungi boksi ya namna hiyo, kwa sababu kihisi kilichopigwa kishindo humo ndani hakifutwi kwa kompyuta. Toyota wenyewe wanakataza kuhamisha vifaa vya eabegi kutoka gari jingine. Agiza mpya yenye namba ileile ya kwenye lebo, inayoanza na 89170. Tarakimu moja ikipishana, usinunue.

Siku ya kufunga, zima swichi, chomoa hasi ya betri, kisha subiri angalau sekunde 90. Fundi mwenye haraka huruka hapa, na hapa ndipo penye hatari: kapasita za ndani hubaki na chaji ya kufyatua eabegi hata betri ikiwa imetolewa. Asipime eabegi kwa mita ya omu, mkondo wake mdogo unaweza kuilipua usoni kwake. Mshale wa kwenye boksi uelekee mbele ya gari, bolti zikazwe kwanza, ndipo soketi ichomekwe. Kihisi cha mgongano kimo ndani ya boksi hiyo, kwa hiyo ikiwa na umeme huku inaning'inia, ikidondoka inaweza kudhani gari limegonga.

Rudisha betri, futa kodi za zamani, washa swichi. Taa inatakiwa kuwaka kama sekunde 6 na kuzima. Isipozima, pima tena, na fundi asichomoe balbu ya dashibodi ili kuficha shida.