Maswali ya Wasomaji: Upande wa Pili wa Santuri

Tangu tuombe maswali kuhusu nyimbo zilizovuma mwanzoni mwa miaka ya sabini, barua zimekuwa zikiingia kutoka Ngamiani, Makorora, Pangani, Muheza, na hata kutoka kwa watu wa Tanga waliohamia Mombasa. Nyingi zinagusa, kwa njia moja au nyingine, jambo ambalo waliozaliwa enzi za kaseti hawakulikuta: santuri ilikuwa na pande mbili, na mara nyingine wimbo uliowekwa nyuma ili kujaza nafasi ndio uliopenda kwenda mbele. Nimeanza na hizo.

Swali: Jirani yangu nami tumebishana barazani tangu Ramadhani. Yeye anashikilia kwamba "Soul Makossa" ulikuwa wimbo wa mpira wa miguu. Mimi nasema ni dansi tupu. Nani alipie kahawa? (Msomaji wa Barabara ya 12, Ngamiani)

Jibu: Kahawa mgawane, na kashata juu yake, kwa sababu kila mmoja wenu ameshika upande wake wa santuri. Mwaka 1972 Kamerun ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya nane ya Kombe la Mataifa ya Afrika, na Manu Dibango, mpiga saksafoni mzaliwa wa Douala, akatunga wimbo wa kuyasherehekea. Wimbo huo wa mpira ndio uliowekwa upande wa kwanza. Upande wa pili akaweka "Soul Makossa", dansi iliyojengwa juu ya makossa, muziki wa kuchezwa wa kwao Douala, na neno lenyewe akalichezea ulimi kwa kulikatakata na kulirudia kama mtu mwenye kigugumizi cha makusudi.

Timu ya Kamerun ilifungwa na Kongo-Brazzaville katika nusu fainali, na Kongo hao ndio waliotwaa kombe kwa kuifunga Mali mabao 3 kwa 2. Wimbo wa mpira ukazikwa pamoja na matumaini ya wenye nyumba. Santuri yenyewe, hata hivyo, ilifika New York, ikauzwa katika duka la watu wa visiwa vya Karibi kule Brooklyn, na hapo mpiga santuri mmoja, David Mancuso, akaiokota na kuigeuza. Redio za mji huo zilipoanza kuupiga wimbo wa nyuma, santuri zilizokuwapo zikaisha madukani, na vikundi kadhaa vikaharakisha kurekodi nakala zao kabla mwenye mali hajajitokeza. Mwaka 1973 toleo halisi liliingia katika nyimbo 40 bora za Marekani, jambo ambalo lilikuwa nadra sana kwa santuri iliyotoka kwa Mwafrika.

Kama jirani bado ana ubishi, mwambie asikilize mwisho wa "Wanna Be Startin' Somethin'" wa Michael Jackson, wa mwaka 1982. Kile kiitikio kinachorudiwa kimetokana na huyo huyo Dibango, ambaye alidai haki yake mpaka wakaelewana nje ya mahakama.

Swali: Ni kweli kwamba mwimbaji wa "Ain't No Sunshine" alisahau maneno katikati ya wimbo, ndiyo maana anarudia "najua, najua" mpaka pumzi inamwishia? (Msomaji wa Muheza)

Jibu: Hakusahau, maana maneno yenyewe yalikuwa hayajatungwa. Bill Withers alikusudia kuandika beti nyingine mahali hapo, lakini wanamuziki waliokuwa naye studio walimshauri aache vilevile, naye, akiwa mgeni kati ya wazoefu, akatii. Ukihesabu utapata mara 26. Withers alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, aliyetumikia jeshi la majini la Marekani kwa miaka 9, na wakati wa kurekodi bado alikuwa mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vyoo vya ndege. Picha iliyo kwenye jalada la santuri yake kubwa ya kwanza ilipigwa kazini, akiwa ameshika kisanduku chake cha chakula cha mchana. Kazi hiyo hakuiacha haraka, kwa kuwa hakuuamini muziki kuwa kazi ya kutegemea.

Na huu nao ulikuwa wimbo wa nyuma. Mwaka 1971 kampuni iliweka mbele wimbo uitwao "Harlem", watangazaji wakaigeuza santuri, na "Harlem" leo hukumbukwa na wachache.

Swali: Shikamoo mzee. Babu yangu ameacha santuri ndogo za bendi, na kwenye nyingi jina la wimbo ni lile lile pande zote mbili, ila upande mmoja una namba 1 na wa pili una namba 2. Je, ni makosa ya kiwandani? (Kijana wa Pangani)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usizitupe, wala usimpe mtu akuuzie, mpaka umezisikiliza pande zote.

Si makosa. Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, kila upande ulibeba dakika tatu, nne, au tano ukibanwa sana. Muziki wa dansi, wa huku kwetu na wa Kongo, haukuwa mfupi kiasi hicho. Wimbo ulianza polepole, mwimbaji akieleza kisa chake kwa utaratibu, na baada ya hapo magitaa yakashika usukani, kasi ikapanda, wachezaji wakachemka. Ukumbini bendi ingeweza kuendelea hivyo dakika kumi. Kwa hiyo wimbo ulikatwa katikati: upande wa kwanza ukapewa maneno, upande wa pili ukapewa sebene. Nchini kwetu wakati huo hakukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Bendi zilirekodi kanda katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilielekea Kenya, huko ambako wimbo uliovuma redioni kwa urefu wake ulirudi umekatwa vipande viwili.

Mjomba wangu, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge, alikuwa na gramafoni ya sanduku ambayo mkono wake ulikuwa mwepesi mno, na sindano ikawa inaruka kila ilipokuta mkwaruzo. Dawa yake ilikuwa sarafu ya senti 50, iliyobandikwa kwa gundi ya karatasi juu ya kichwa cha mkono ule. Kazi yangu ilikuwa kukaa karibu. Sauti ya mwimbaji ikianza kufifia nilitakiwa kunyanyua mkono, kugeuza santuri kwa kuishika ukingoni bila kugusa mistari, na kurudisha sindano kabla watu hawajasimama. Nilichelewa mara moja tu, siku ya harusi, na shangazi hakunisemesha mpaka Jumatatu. Walioko uwanjani hawakujali kisa cha mwimbaji. Walikuwa wanangoja namba 2, na ndiyo sababu, ukizitazama santuri za babu yako kwa makini, huenda ukakuta upande huo ndio uliochakaa zaidi.

Wazungu nao walipatwa na hayo. "American Pie" wa Don McLean, uliotoka mwaka 1971, una zaidi ya dakika nane na nusu, na kwenye santuri ndogo ulikatwa vilevile, namba 1 na namba 2. Mwaka 1972 ulikaa juu kabisa ya chati ya Marekani kwa wiki 4, na kwa karibu miaka 50 ndio uliokuwa wimbo mrefu kuliko wote uliowahi kufika nafasi hiyo, mpaka Taylor Swift alipouvunjia rekodi mwaka 2021 kwa wimbo wa dakika 10. Tofauti ni kwamba wao walikata maneno katikati, na msikilizaji akalazimika kugeuza santuri ili kujua kisa kinaendeleaje. Kwa maoni yangu, mafundi wa Nairobi walijua zaidi mahali pa kupitisha mkasi.

Swali: Nimeishi Mombasa tangu ujana wangu, na watoto wangu wanasema Simba Wanyika ni bendi ya Wakenya. Nimewaambia ni vijana wa Tanga, wananicheka. Nisaidie. (Mzee wa Mombasa, mzaliwa wa Tanga)

Jibu: Mzee wangu, waite watoto wakae mkekani. Wilson Peter Kinyonga na ndugu yake George Peter walianza kujulikana katika Jamhuri Jazz Band ya hapa hapa Tanga, bendi ambayo hapo mwanzo iliitwa Young Nyamwezi. Jina hilo la kwanza linaeleza mengi kuhusu mji huu: mkonge uliwaleta watu wa bara kwa maelfu, nao hawakuja na mikono tu. Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, wakaunda Arusha Jazz pamoja na ndugu yao mwingine, William. Mwaka uliofuata wakavuka mpaka na kuingia Kenya, na huko ndiko jina la Simba Wanyika lilikozaliwa. Baadaye, mwaka 1978, baadhi ya wanamuziki walijitenga na kuunda Les Wanyika, na tangu hapo Wanyika wakawa ukoo mzima.

Watoto wako nao wasidharauliwe. Bendi ilikulia Kenya, ikarekodi Kenya, na mashabiki wake wengi walikuwa huko. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka ukafungwa, sisi tuliobaki upande huu wa Horohoro tulikuwa tunawasikia vijana wetu wenyewe kupitia redio ya jirani. Ila lile gitaa la solo linalozungumza taratibu, bila haraka, kama mtu anayejua chakula hakijaiva bado, lilifundwa Tanga.

Kwa kuwa umegusa Jamhuri, niongeze jambo ambalo wasomaji wengine watatu wameuliza. Majina kama Toyota, Kiweke, Sululu, Saboso, Mundo na Msondo hayakuwa majina ya nyimbo. Yalikuwa mitindo, yaani alama ya kila bendi, inayotajwa katikati ya wimbo ili msikilizaji wa redio ajue nani anapiga. Toyota ni ya Jamhuri, Kiweke ni ya Atomic Jazz, nayo ya Tanga, Sululu ni ya Morogoro Jazz, Saboso ni ya Western Jazz, Mundo ni ya Dar es Salaam Jazz, na Msondo ni wa NUTA Jazz.

Swali: "I Can See Clearly Now", ule wimbo wa mvua iliyokatika, ni wa Jimmy Cliff au si wake? (Msomaji wa Makorora)

Jibu: Si wake. Ulitungwa na kuimbwa na Johnny Nash mwaka 1972, naye hakuwa Mjamaika ingawa wengi hudhani hivyo. Alikuwa Mmarekani wa Houston, Texas, aliyekwenda Jamaika akaupenda muziki wa huko, na aliwahi kurekodi tungo za Bob Marley kabla Marley mwenyewe hajajulikana nje. Jimmy Cliff aliuimba upya miaka 20 na zaidi baadaye, kwa ajili ya filamu.

Swali: Nimesikia kwamba Freddie Mercury aliwahi kutoa santuri kwa jina la kubuni. (Msomaji wa Raskazone)

Jibu: Hata Freddie Mercury ni la kubuni. Mtoto aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 aliitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Santuri unayoiuliza ilitoka mwaka 1973, muda mfupi kabla ya santuri kubwa ya kwanza ya bendi yake, Queen, kwa jina la Larry Lurex. Mbele ni "I Can Hear Music", nyuma ni "Goin' Back". Hapa kugeuza hakukusaidia kitu, kwa sababu upande wowote haukununuliwa.

Swali: Mbona mnasema dansi tu? Taarabu ya Tanga haikuwamo katika miaka hiyo? (Bi mmoja wa Chumbageni)

Jibu: Ilikuwamo, bibi yangu, tena ilikuwa inageuza mambo. Wakati wengi walizoea taarabu ya vikundi vikubwa vyenye safu ya fidla, Black Star Musical Club na Lucky Star Musical Club za hapa Tanga zilipunguza watu, zikaingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, na mapigo yakakaribia ngoma na dansi. Ushairi haukuguswa: vina na mizani vilibaki palepale. Shakila Saidi, mzaliwa wa Pangani, alikuwa miongoni mwa sauti zilizong'ara katika taarabu hiyo, na mtindo ukaenea pwani hadi kwa majirani.

Swali: Je, kuna santuri iliyogeuzwa ikafika nafasi ya kwanza kabisa, si kuingia 40 bora tu? (Mwalimu mstaafu, Korogwe)

Jibu: Ipo, mwalimu. Mwaka 1971 Rod Stewart alitoa "Reason to Believe", utunzi wa Tim Hardin, na nyuma yake akaweka "Maggie May". Watangazaji waligeuza. Kufikia Oktoba "Maggie May" ulikuwa wa kwanza Uingereza na Marekani kwa wakati mmoja, huku santuri kubwa iliyoubeba ikiwa ya kwanza katika nchi zote mbili vilevile. Ukiiona santuri hiyo ndogo kwa wauza vitu vya zamani, itazame kwa kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha: mistari iliyopoteza mng'ao itakuonyesha ni upande upi uliopigwa.