Mchungaji kulipwa ni halali? Na nisipotoa fungu la kumi nimemwibia Mungu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro, naabudu katika kanisa dogo la kiroho. Mchungaji wetu hana kazi nyingine, anaishi kwa sadaka zetu. Fungu la kumi tunatuma kwa simu, na namba iliyoandikwa kwenye bango ni ya mke wake. Kila mwisho wa mwezi yanasomwa majina ya waliotoa. Sisi wengine tunaambiwa tumemwibia Mungu na tuko chini ya laana, Malaki 3. Mwezi uliopita hela yangu iliishia kwenye dawa za presha za mama yangu mzazi. Tena ukitaka kuombewa faragha, kuna sadaka ya kumwona mtumishi, shilingi elfu ishirini. Kaka yangu anasema mitume hawakulipwa, na mchungaji anayelipwa ni mtu wa mshahara tu. Je, ni kweli? Na mimi ni mwizi?

JIBU: Amina, dada yangu. Wewe si mwizi. Naanza na hilo kwa sababu naona ndilo linalokunyima usingizi. Soma Marko 7:9-13. Walikuwapo watu waliowanyima wazazi wao msaada kwa kusema kwamba mali ile ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu. Bwana Yesu hakuwasifu kwa utoaji wao. Aliwaambia wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Dawa ya mama yako ni utii wa amri ya kuwaheshimu baba na mama, na asikutishe mtu juu ya hilo.

Sasa habari ya mchungaji kulipwa. Kaka yako amekosea, nami namwambia hivyo huku nikijua kwamba mimi mwenyewe naishi kwa sadaka za washarika. Mtume Paulo anaandika katika 1 Wakorintho 9:14 kwamba Bwana ameamuru wale waihubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Yeye binafsi pale Korintho hakuitumia haki hiyo. Alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, lakini wakati huohuo alikuwa akipokea posho kutoka makanisa mengine, na Wafilipi walimtumia msaada kwa mkono wa Epafrodito. Kwa hiyo kusema mitume hawakulipwa ni kusoma nusu ya habari. Na "mtu wa mshahara" wa Yohana 10 hatambulikani kwa kupokea. Anatambulikana kwa kukimbia mbwamwitu anapokuja, kwa sababu kondoo si mali yake. Wako wasiolipwa hata senti moja na wamekimbia.

Lakini hiyo elfu ishirini ya kumwona mtumishi ni jambo jingine kabisa, na hapo sina maneno laini. Angalia Mathayo 10. Mstari wa 8 unasema pozeni wagonjwa, toeni pepo, "mmepata bure, toeni bure." Mistari miwili tu mbele, Bwana yuleyule anasema mtenda kazi astahili posho lake. Mtumishi atalishwa, ila maombi hayana bei. Mfano wake uko kwa Elisha. Katika 2 Wafalme 4 anapokea chumba na chakula kwa mwanamke Mshunami, na mtu wa Baal-shalisha anamletea mikate ishirini ya shayiri ya malimbuko, ambayo nabii anaagiza wapewe watu mia moja wale. Ukifungua sura inayofuata, Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, anamsihi apokee zawadi, na Elisha anaapa kwamba hapokei kitu. Kwa nini apokee mikate ya mwanakijiji na akatae fedha ya jemadari? Kwa sababu ile mikate ilikuwa utunzaji wa mtumishi, na fedha ya Naamani ingeonekana kuwa bei ya uponyaji. Gehazi, mtumishi wa Elisha, hakuona tofauti. Alimkimbilia Naamani, akarudi na talanta mbili za fedha na mavazi mawili, na ukoma ukamshika. Anayetoza mtu hela ili amwombee anatembea katika njia ya Gehazi, hata kama anaiita sadaka.

Tuje kwenye Malaki, maana andiko hili limegeuzwa fimbo. Wahubiri wengi huanza sura ya 3 mstari wa 8 na kuishia wa 10. Mbona hawaanzi 2:1? "Na sasa, enyi makuhani, amri hii yawahusu ninyi." Nabii aliwakemea makuhani kwa urefu kabla hajafika kwa watu na zaka zao, yaani fungu la kumi. Na ukitaka kujua ghala la hekalu, ambamo zaka ziliwekwa, lilikuwa na hali gani siku hizo, soma Nehemia 13, habari za zama zilezile, baada ya mwaka wa 32 wa mfalme Artashasta, yaani 433 KK. Kuhani Eliashibu, aliyekabidhiwa vyumba vya nyumba ya Mungu, alichukua chumba kikubwa kilichokuwa kikiwekwa zaka akampa Tobia, mtu wake wa karibu. Walawi, wahudumu wa hekalu, hawakupewa sehemu zao, wakakimbia kila mtu shambani kwake. Nehemia, liwali wa Yuda, aliporudi kutoka kwa mfalme alitupa vyombo vya Tobia nje, akavisafisha vyumba. Kisha akaweka watunza hazina: kuhani, mwandishi na Mlawi, na Hanani wa kuwasaidia, kwa sababu walihesabiwa kuwa waaminifu. Hawakuwa mume na mke.

Tena zaka yenyewe katika Torati haikuwa ya watumishi peke yao. Kumbukumbu la Torati 14:28-29 inaagiza kwamba kila mwaka wa tatu ile zaka ale Mlawi, na mgeni, na yatima, na mjane. Makanisa yetu hayafanani katika hili. Waadventista wanafundisha zaka kwa mkazo mkubwa, lakini zaka yao inakwenda konferensi, yaani ofisi ya kanisa inayosimamia makanisa ya eneo, na mchungaji analipwa kutoka huko, wala haishikilii mkononi mwake. Kwa upande wangu nafundisha kwamba fungu la kumi ni kipimo kizuri cha nidhamu ya kutoa, ila si deni lenye laana juu ya aliye ndani ya Kristo, aliyetukomboa katika laana ya torati (Wagalatia 3:13). Paulo anataka kila mtu atoe alivyokusudia moyoni, si kwa huzuni wala kwa lazima. Kusoma majina ili wengine waone haya ni lazima iliyovikwa joho.

Katika sharika nyingi baada ya ibada utaona wazee wawili au watatu wamekaa mezani, kapu linamwagwa, noti zinanyooshwa na kupangwa, sarafu zinahesabiwa, kiasi kinaandikwa kitabuni na wote wanatia sahihi. Yai na mkungu wa ndizi vikinadiwa nje, hela yake inaingia kitabu hichohicho, na Jumapili inayofuata kiasi kinasomwa kwenye matangazo. Mchungaji hagusi. Hata Paulo hakukubali kubeba peke yake mchango wa Yerusalemu. Alitaka wawepo ndugu waliochaguliwa na makanisa, mtu asije akawalaumu (2 Wakorintho 8:18-21). Kama mtume aliona anahitaji ulinzi huo, mchungaji wako anauhitaji pia, na nakusihi uamini kwamba unampenda ukimwombea apate.

Basi usiende peke yako. Watafute wazee au akina mama wawili watatu wenye hekima, mwende kwake kwa heshima, siku ya kazi, si katikati ya ibada. Mwambieni mnataka namba ya kupokea sadaka iwe kwa jina la kanisa, mhazini asiwe wa nyumba yake, na posho yake ipangwe na kikao na ijulikane. Msipange ndogo ya kumdhalilisha, mtu ana watoto wa kusomesha. Ombeni pia kuiona katiba ambayo kanisa lilisajiliwa nayo kwa Msajili wa Jumuiya, mjue inasemaje kuhusu mhazini na ukaguzi wa hesabu. Akikubali, mtakuwa mmemwokoa na mengi. Akikasirika na kuwaita waasi, mpeni muda, rudini mara ya pili. Akikataa tena, una uhuru wa kuhamia kanisa lenye kitabu cha hesabu kilicho wazi, na hakuna laana itakayokufuata huko.