Virusi havionekani tena. Niache dawa?

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, naishi Tanga. Mwaka jana niliandamwa na homa na utando mweupe mdomoni, nikapimwa nikakutwa na VVU, chembe za kinga (CD4) 140. Nina miezi minane kwenye dawa. Majuzi CTC, kliniki ninakochukua dawa, wameniambia virusi havigunduliki. Nikaenda kupima kidole kwingine, kikaonyesha bado ninavyo. Nani mkweli? Na je, niache dawa? Zinanipa kiungulia, kila siku nameza na vidonge vya tumbo. Mume wangu amepimwa, hana. Mtoto wetu wa miaka minne hajapimwa, lakini ni mzima kabisa."

Marahaba, mwanangu. Wote wamekwambia kweli. Kipimo cha kidole hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza ulipovamiwa, na hizo hubaki. Cha CTC ndicho kinachohesabu virusi vyenyewe. "Havigunduliki" kwa kawaida ni chini ya nakala 50 katika mililita moja ya damu. Usirudie kupima kidole, utajitia hofu bure.

Ila hujapona, na dawa usiache. VVU hulenga chembe za CD4, ambazo ni kama wanyapara wa kinga: kazi yao kubwa ni kuziamuru chembe nyingine zipigane. Kirusi kikiingia humo hujichomeka ndani ya vinasaba vya chembe na kuigeuza kiwanda chake. Mtu mzima mwenye afya huwa na CD4 kama 500 hadi 1,500. Bila dawa hupungua taratibu, ndiyo maana wengi hukaa hata miaka minane au kumi bila kuugua. Zikishuka chini ya 200, huo ni UKIMWI, na hapo magonjwa nyemelezi hupata mlango.

Kidonge chako, nadhani ni TLD, kina dawa tatu: mbili huzuia virusi kujinakili, ya tatu, dolutegraviri, huvizuia kujichomeka. Lakini ziko CD4 zilizokwisha kuchomekwa ambazo zimelala, na dawa haizifikii. Ukiacha, zinaamka, na kwa watu wengi virusi hujaa tena kwenye damu ndani ya wiki chache. Kumeza leo na kuruka kesho nako ni hatari: dawa ikiwa kidogo mwilini, virusi hujifunza kuishi nayo, unapata usugu. Ukisahau, meza mara unapokumbuka, lakini usimeze viwili kwa mkupuo.

Vidonge vya tumbo ndivyo vilivyonishtua. Vyenye magneziamu au aluminiamu hunasa dolutegraviri tumboni, isifike kwenye damu. Meza TLD muda wa saa mbili kabla ya vidonge hivyo vya tumbo, au muda wa saa sita baada ya kuvimeza. Vya kuongeza damu na vya kalisiamu unaweza kumeza pamoja na TLD, mradi umekula. Mwambie muuguzi wa CTC kuhusu kiungulia chenyewe.

Kwa kuwa ulianzia 140, uliza pia kuhusu Septrin, dawa ya kukinga magonjwa nyemelezi, na dawa ya kuzuia kifua kikuu. Kama ulishapewa, usiache bila kuambiwa. Kichwa kikiuma siku kadhaa pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana kuna fangasi wanaoshambulia utando wa ubongo.

Mumeo arudie kipimo miezi mitatu baada ya kile cha kwanza. Ukidumu hivi, humwambukizi kwa kujamiiana. Katika utafiti wa PARTNER uliofanyika Ulaya, wenza walikutana bila kondomu maelfu ya mara, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenzake aliyefubaza virusi.

Sasa mtoto. Hata kama kliniki ya wajawazito ulikutwa huna, huenda uliambukizwa ukiwa unanyonyesha. Kwa umri wake kipimo cha kidole kinatosha. Ni walio chini ya miezi 18 ndio kinawachanganya, kwa sababu ya kingamwili za mama. Mpeleke wiki hii, hata kama anacheza na amenawiri. Wewe mwenyewe ulikuwa hivyo hivyo kabla ya zile homa.