Hiyo siyo Favia: tazama ukuta kwanza

Wiki hii imekuja tena picha ya tumbawe la mviringo, rangi ya kahawia, limejaa vikombe (vishimo wanamokaa wanyama wadogo wa tumbawe), na swali lile lile: "Hii ni Favia, siyo?"

Siyo. Favia ni jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana, na huku Bahari ya Hindi hatuna tena. Mwaka 2012 spishi zetu zilihamishiwa jenasi Dipsastraea, familia ya Merulinidae, na jina Favia likabaki kwa matumbawe ya Atlantiki. Kama kitabu chako ni cha kabla ya hapo, jina unalolinakili limepitwa.

Rangi iache. Spishi moja huwa kijani hapa na kahawia hatua mbili mbele. Tazama ukuta. Kila kikombe kikiwa na ukuta wake, na mfereji ukipita kati ya kikombe na kikombe, unaelekea Dipsastraea. Vikombe vikichangia ukuta mmoja kama sega la asali, fikiria Favites au Goniastrea. Kuta zikiacha mabonde marefu yanayopindapinda, huenda ni Platygyra.

Kwenye mfereji ndipo wengi hukwama. Tumbawe likiwa hai, nyama hujaa hadi juu ya ukuta, na tochi ikimulika kutoka juu moja kwa moja mfereji hauonekani kabisa. Mulika kutoka ubavuni, tochi karibu ilale, kivuli kiingie mle ndani. Piga picha tatu: koloni zima (tumbawe lote), eneo la upana wa kiganja, na vikombe vitano sita pamoja na rula. Picha moja ya mbali haimsaidii mtu, tafadhali.

Angalia pia vikombe vinavyoongezeka. Kikombe kinachojigawa katikati mpaka kikafanana na tarakimu 8 ni dalili ya Dipsastraea. Kichanga kikichipuka nje, kati ya wakubwa, rudi nyuma uangalie Astrea au Plesiastrea.

Pima vikombe 10 vya juu ya koloni. Vya ukingoni vingi ni vichanga na vitakudanganya. Takriban milimita 6 hadi 10, anza na Dipsastraea pallida. 12 hadi 20, anza na Dipsastraea favus.

Usivunje kipande. Vilivyokufa vikatupwa ufukweni vinatosha kujifunzia, ila vilivyosagwa na mchanga vimeshapoteza meno ya ndani. Ukibaki na shaka, andika Dipsastraea cf. pallida (cf. ni "linganisha na", yaani huna hakika), kisha kina cha maji na vipimo vyako.