Vidudu vya Kijivu Kwenye Kitalu

SWALI: Shikamoo Mama. Nalima kabichi na stroberi huku Lushoto. Miche ya kabichi yenye majani mawili inatafunwa usiku, na stroberi zinatobolewa. Nikifunua matandazo nakuta vidudu vya kijivu vyenye magamba. Nikivigusa vinajikunja duara kama punje za pilipili manga. Jirani kaniambia ninyunyize sumu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sumu iache kwanza, tumjue mhusika. Hicho kidudu, Waingereza hukiita "pillbug", ni ndugu wa kaa na kamba, kina miguu 14, na hakiwezi kupumua vizuri pasipo unyevu. Kwa hiyo mchana kinajificha, usiku ndio kinatoka.

Chakula chake hasa ni kilichooza: majani makavu, mbao laini, ukungu, hata kinyesi chake chenyewe. Kwenye lundo la mboji kinafanya kazi kubwa na mimi nakiheshimu sana. Tabu inaanza kikizaliana kwa wingi mahali pabichi penye miche laini; hapo hutafuna mashina na majani machanga. Kwenye stroberi, mara nyingi koa ndiye aliyetoboa, nacho kikaingia kupanua tundu.

Kwa hiyo usiku toka na tochi. Miche ikiwa imekatwa kabisa usawa wa ardhi, fukua hapo hapo: ukikuta kiwavi mnene aliyejikunja, huyo ni sota. Mwokote umuue, vidudu vya kijivu havina kosa.

Ukivikuta kweli vinatafuna, sogeza matandazo kama sentimita 10 kutoka kwenye miche hadi mashina yakomae. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku udongo wa juu uwe umekauka. Hili ndilo ninalolisisitiza kuliko yote. Stroberi zinyanyue zisilale chini, na kabichi ihamishe ikishakuwa na majani manne au matano.

Kwa kutega, chukua nusu ya kiazi mviringo, kichimbe katikati kiwe na shimo, kifunike juu ya udongo jioni. Alfajiri utavikuta vimejazana humo. Vipeleke kwenye mboji au uwape kuku. Ila kuku wapelekee bandani. Ukiwafungulia kitaluni, watapekua miche yote kabla hawajamaliza hivyo vidudu.